Jina Ulilovaa Kabla ya Jezi

Bashir mwanangu,

Salamu hupelekewa mtu aliye mbali, na wewe bado uko nyumbani kwangu unakunja nguo na kuzikunjua, mama yako anakukaangia mahamri ya safari kana kwamba huko uendako hakuna unga. Kwa hiyo salamu tuziache. Nimewakimbia, nimekuja sokoni. Leo si siku ya soko. Hakuna ng'ombe, hakuna mnunuzi, ni samadi kavu tu na mbuzi mmoja wa wenyewe anayetafuna katoni. Nimekaa kwenye ile ngazi ya kupakilia ng'ombe kwenye lori, karatasi nimeilaza gotini, na mwandiko ukikushinda laumu upepo. Mambo ya soksi, dawa ya malaria na nani wa kupigiwa simu ukifika, hayo mama yako atakwambia, kisha atakwambia tena. Mimi naandika yale ambayo nikiyasema kwa mdomo nitayageuza mzaha. Ndivyo nilivyo, na wewe unanijua.

Kesho alfajiri unapanda basi la Nairobi, kisha ndege, unakwenda kuivalia jezi Somalia. Tangu Ijumaa watu wananipa mkono msikitini. Hongera Roble, kijana ametoka. Nawaitikia, alhamdulillahi, alhamdulillahi, na moyoni nasema naam, ametoka, na mlango umefungwa nyuma yake, na aliyetia kufuli ni mimi. Siandiki ili unihurumie. Nataka tu ujue ulifungwaje, maana iko siku utataka kurudi na utaukuta hivyo, na mimi huenda sitakuwepo wa kuulizwa.

Nchi hiyo unayokwenda kuichezea mimi mwenyewe sijaiona. Babu yako Hirsi ndiye aliyetoka huko, kijana mbichi, anafuata mvua na ng'ombe wa baba yake. Akafika mtoni, akaona maji hayakauki, akasema hapa hapa. Mimi nimezaliwa nyikani huku nyuma ya Garsen na maziwa niliyokulia ni ya majani ya huku. Cha huko nilichopewa ni kimoja tu, hesabu ya mababu. Jioni wakati wa kukamua, babu yako alikuwa anabana kibuyu kati ya magoti, halafu anasema, taja. Nami nataja. Mimi ni Roble, wa Hirsi, wa Guled, jina juu ya jina, mpaka pale yeye mwenyewe alipoishia. Nikiruka moja, fimbo ya mguu. Nikiyataja yote, napewa povu la maziwa nililambe. Aliniambia Msomali haulizwi umetoka wapi, anaulizwa wewe ni wa nani, na asiye na jibu hupewa maji ya kisima baada ya wote.

Wewe sikukufundisha hata jina moja, na sababu yake ni ndefu kidogo, vumilia.

Nilipofikia umri wa kuchukua kipande, yaani kitambulisho cha taifa, niliitwa nikakae mbele ya kamati ya kuhakiki uraia. Wenzangu wa hapa, Waorma na Wapokomo, walijaza karatasi zao wakaenda zao. Mimi niliulizwa babu yangu amezikwa wapi. Nikasema kweli, kwamba amezikwa upande wa pili wa mpaka. Wakatazamana. Nikaambiwa nisubiri. Basi nimeoa nikisubiri, nimezaa nikisubiri, ndevu zimeota mvi nasubiri. Mimi dalali ninayejulikana kuanzia hapa mpaka Hola, ninayeaminiwa na mwenye ng'ombe na mwenye lori, lakini kizuizi cha polisi pale barabarani ndio mwisho wa dunia yangu. Kila mwenye sare anaweza kuniteremsha kwenye gari na kuniuliza mimi ni nani, na sina cha kumwonyesha ila uso. Na uso huo ndio unaonishtaki.

Ulipozaliwa nilikubeba nikakutazama. Pua yangu, paji langu, hata masikio haya ya kuchungulia. Mwenzangu angefurahi. Mimi niliingiwa na baridi. Nikasema huyu hatasubiri, wallahi, huyu hatakaa kwenye benchi la mtu yeyote.

Nikaenda Wenje kwa kaka ya mama yako. Mjomba wako Komora nilimkuta shambani anapogoa migomba, miguu imejaa tope la mto. Yeye baba yake na babu yake wamezikwa hapo hapo ukingoni. Hakuna kamati ya kumuuliza lolote. Nikashindwa kusema. Kazi yetu unaijua, bei hatuitamki. Unamshika mnunuzi mkono chini ya shali, unambonyeza vidole, kila kidole na hesabu yake, na walimwengu wamesimama hapo hawajui kitu. Basi nilimshika Komora mkono nikaufunika kwa shali. Yeye mkulima, lugha hiyo ataijulia wapi. Akacheka, akadhani namuuzia dume, akaniambia hana haja ya ng'ombe, watamlia ndizi. Nikabaki nimeushika ule mkono kama mjinga. Mwisho ikabidi mdomo ufanye kazi.

"Shemeji, niazime jina lako. Mtoto aandikwe wako."

Akautoa mkono taratibu, akaufuta tope, akaurudisha.

"Jina langu halitapungua kitu," akasema. "Wewe ndiye utakayepungukiwa."

Nikamwambia hilo aniachie mimi. Hicho ni kiburi cha dalali, Bashir. Akishashika mkono wa mtu anadhani ameshajua bei.

Ukaandikwa Bashir Komora, kwa kiapo chake. Ukalelewa Wenje, ukasoma Wenje, na kila karatasi ya shule iliyotaka sahihi ya mzazi, sahihi ilikuwa ya Komora, ile yake ya herufi kubwa zilizolala. Mimi nilikuwa nakuja na maziwa na sukari kama mgeni, nakaa kwenye kile kigoda cha wageni. Mbele ya watu uliniita Mzee Roble. Wenje nzima walijua wewe ni wa nani, na hakuna aliyefungua kinywa, hata miaka ile wafugaji na wakulima walipokuwa hawapeani salamu. Nawashukuru. Watu wale nimewadharau mara nyingi kwa kula samaki, na wamenisitiri kuliko ndugu.

Na jioni nilipokuja, unakumbuka tulikuwa tunafanya nini? Nilikukalisha pale penye mtumbwi, nakuuliza. Baba yako ni nani? Komora. Na huyu mzee anayekuja na maziwa ni nani yako? Simjui. Ukikosea tunarudia. Ukipatia nakupa kipande cha muwa. Saa ile ile ya jioni ambayo babu yako alikuwa akinitajisha majina. Nilikuwa sioni. Nilijiona baba mwerevu.

Sasa nifike kwenye basi. Tumekaa na jambo hili miaka yote, hatujalizungumza, na kesho unaondoka, kwa hiyo nitalisema.

Mlikuwa mmetoka Malindi kwenye mashindano ya shule za msingi na mmeshinda, wewe ndiye uliyefunga lile bao la mguu wa kushoto, mwalimu akakupa mpira uubebe. Nilikuwa nimejitosa kuja kukuona. Kwenda tulipita salama, kizuizi kilikuwa hakina mtu. Kurudi tukasimamishwa. Akapanda askari mmoja, kijana, hana hata ubaya wa uso. Vipande. Watu wakatoa. Mimi nikatoa kile kikaratasi changu cha kusubiria, kimechanika kwenye mikunjo. Akakiangalia, akaniangalia. Kisha akakuangalia wewe uliyekaa ubavuni mwangu, mpira magotini. Akakuuliza kwa upole kabisa.

"Huyu ni babako?"

Ukasema, "Simjui."

Ulisema kama mtoto aliyesoma somo lake akalielewa. Nikateremshwa, basi likaondoka, na nilikuona kwenye dirisha, hukugeuka, kwa sababu hilo nalo nilikufundisha. Nililala kituoni siku ambazo sitaki kuzihesabu. Walionipiga wamepiga, hiyo si kitu, mwili wa mchunga ng'ombe umezoea. Kilichoniua ni kwamba nilikuwa nakaa kwenye ile sakafu na kujisifu. Najiambia, mtoto ameokoka, mtoto ana akili.

Nilipotoka nilikununulia mpira mpya, wa ngozi hasa, nikaja nao Wenje. Nikakwambia umefanya vizuri. Ukaupokea kwa mikono miwili, ukasema, "Nilisema vile ulivyonifundisha," ukaangalia chini. Tangu siku ile hujaniangalia usoni, Bashir. Unaniangalia hapa kifuani, penye kifungo cha shati. Mama yako anasema ni heshima. Siyo heshima. Nilikuona ukiupiga ule mpira ukutani jioni nzima, unapiga na kupokea, unapiga na kupokea, hutaki mtu acheze nawe. Watu wanasema kipaji chako ni cha Mungu. Kweli, lakini ile hasira ya kwenye mguu wa kushoto mimi najua ilikotoka.

Haya. Yote hayo ningeyameza kama jina lingefanya kazi yake. Kwa muda lilifanya. Kipande ulikipata kama mtu anayenunua mkate. Ukaenda kucheza Mombasa, ukaenda Nairobi, ukaitwa kambini na timu ya taifa ya vijana, nikachinja mbuzi hapa Garsen, nikawaambia watu nachinja kwa sababu zangu. Mwisho wa kambi mkaambiwa mchukue pasipoti. Ukafika mbele ya dirisha, na nyuma ya dirisha kulikuwa na mtu mwenye macho. Akasoma jina, akatazama uso. Akakuuliza, Komora gani wa Wenje mwenye pua hii? Basi. Faili ikawekwa kando. Wakachukua kipande wakasema wanachunguza, na uchunguzi huo haujaisha, kama wangu tu. Timu ikasafiri bila wewe. Ulirudi Garsen ukalala siku nyingi umegeukia ukuta, na mimi nilikuwa napita mlangoni nikikohoa. Nilikuuzia jina lako ili usikae kwenye benchi langu, na sasa tumekaa wote wawili.

Halafu akatokea yule mzee wa timu ya Somalia. Alikuwa amekuona kiwanjani, akapenda mguu, akapenda na pua pia, akakuuliza baba yako ni nani. Umenisimulia mwenyewe, na hujui ulinifanya nini uliponisimulia. Ulisema, "Baba yangu mzazi ni Roble Hirsi, yuko Garsen." Mtu mzima umekuwa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza jina langu limetoka kinywani mwako kama la baba. Lilitoka mbele ya mgeni, mbali, na mimi sikuwepo kulisikia.

Karatasi za kule zikataka kweli. Ili uwe wangu ilibidi Komora aape kwamba wewe si wake. Akafunga safari mpaka Nairobi na ile kanzu yake ya Idi. Mimi sikuweza kwenda, kizuizi kile kile. Mbele ya wakili ukaulizwa huyu mzee ni nani yako. Ukasema mjomba tu. Hukusema uongo. Lakini Komora aliporudi alikaa kwangu, akanywa chai, akaizungusha kwenye kikombe, mwishowe akaniambia kwamba hakuumia kuapa, hakuumia hata kwa lile neno mjomba, aliumia kwa lile "tu". Amekulisha, amekuogesha mtoni, amekubeba mgongoni usiku wa homa mpaka zahanati. Sikulaumu. Mara mbili maishani umeulizwa huyu ni nani yako, na mara zote mbili jibu nimelipika mimi.

Na wakili akamwambia Komora kando neno moja zaidi, ambalo yeye hakukwambia, nami nakwambia. Kwamba sasa kuna viapo viwili. Mtu akivikutanisha atakayeshikwa ni aliyeapa cha kwanza, yaani mjomba wako. Kwa hiyo jina la Komora usilitumie tena nchi hii, popote. Usiende ofisi yoyote kudai kile kipande. Ukija, utakuja kama mgeni, kwa muhuri wa mgeni na siku za mgeni, na hata hivyo vidole vyako viko kwenye mitambo yao, kidole kimoja majina mawili. Mimi najua maana yake. Maana yake ni kwamba usije. Nimeliandika sasa, limeandikika. Usije, mwanangu, mpaka Komora awe ardhini, na siombi iwe karibu.

Mama yako aliposikia hayo alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Kwanza ulimtoa jina. Sasa umemtoa na yeye mwenyewe." Ameniwekea chakula kila siku tangu siku hiyo na hajakaa nami mkekani. Ukimwona kesho anacheka kule stendi, ujue ni kwa ajili yako.

Wazazi wengine mahali hapa huweka nasaha. Mimi nitakupa nini? Nimekuwa dalali maisha yangu yote. Dalali hana ng'ombe. Anasimama katikati, huyu anamwita rafiki, yule anamwita rafiki, na lori likiondoka anabaki na vumbi. Nilidhani hata baina yako na dunia naweza kusimama hivyo hivyo, nikabonyeza vidole, kila mtu akaridhika. Siwezi kukuambia ufanye nini. Naweza kukuambia tu kwamba kila nilichokificha kwa ajili yako, wewe ndiye uliyekipoteza.

Huko watakucheka Kisomali chako. Kisomali chako ni cha kuhesabu ng'ombe na kufukuza fisi, na hata hicho kina lafudhi ya mtoni. Waache wacheke. Timu yenyewe hufungwa, tusidanganyane, na mkifungwa utasikia wewe ni Mkenya, mkishinda utasikia wewe ni ndugu. Hapa nako wapo watakaosema, si tulisema, kumbe kweli alikuwa Msomali. Nilitafuta dawa ya hilo nisiipate. Babu yako angesema, cheza. Nami sina bora kuliko hilo.

Mpira nitautazama pale kwenye kibanda cha video, karibu na gereji. Nitakaa nyuma. Wakiuliza yule kijana ni wa nani nitasema ni wangu, kwa sauti, na kila mtu kibandani atakuwa analijua hilo miaka mingi, na litakuwa halina faida tena kwa mtu yeyote.

Komora ana habari moja kwako. Unakumbuka mafuriko yale mto ulipohama, ukalikata shamba lake likabaki ng'ambo? Watu wa ng'ambo wakasema sasa ni letu. Yeye akawa anavuka na mtumbwi kila asubuhi na jembe, anapalilia, anarudi. Wakamuuliza hachoki. Akasema mto umehama, yeye hajahama. Basi ile safu ya migomba aliyokupandia ulipoingia darasa la kwanza iko huko ng'ambo, na anasema ataendelea kuivukia. Nilimwambia, shemeji, mtoto harudi, unampalilia nani? Akaniangalia kwa huruma, mimi ambaye nilikuwa nikimhurumia yeye.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonileta huku sokoni.

Yule mzee wa timu alinipigia simu, alitaka kuhakikisha. Hakuuliza karatasi. Aliniuliza lile swali la kisimani, wewe ni wa nani. Nikasimama wima hapa hapa, peke yangu, nikaanza. Roble, wa Hirsi, wa Guled, wa Samatar. Halafu Bashir, hakuna kitu. Nikatafuta. Baada ya Samatar kuna jina moja, najua lipo, nalisikia mdundo wake, fupi, kisha anafuata Warfa, kisha Shire. Lenyewe limekwenda. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu. Mimi, mwenye kupigwa fimbo ya mguu! Alipopiga tena nikaliruka, akakubali, kwao yale mengine yalitosha.

Nimelitafuta kila mahali. Babu yako hayupo, ami zako hawapo, hakuna mwingine huku mtoni wa kumuuliza. Nimewatajia hata ng'ombe wa watu wakati wa kukamua, nikidhani mdomo utajikumbusha. Majina haya hayakai kichwani, nimejua leo. Yanakaa kwa yule unayemtajisha. Ningekutajisha wewe pale penye mtumbwi, badala ya yale niliyokufundisha, lingekuwepo.

Juzi nikamweleza Komora shida yangu, na nikamwomba jambo. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, mimi Mpokomo, mla samaki, niwe babu wa Wasomali? Kisha kicheko kikaisha, akachukua ncha ya kikoi akajifuta uso mzima, akakaa. Mwisho akanyoosha mkono. Nikatoa shali nikaufunika, tukashikana hivyo, hakuna aliyebonyeza kitu.

Adhana ya magharibi inaita, na nikichelewa mtanitafuta. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa viatu vyako vya mpira, juu kabisa, uikute usiku huu kabla hujafunga begi. Kesho usinitafute stendi. Nitasimama ng'ambo ya barabara, kwenye duka la magodoro, maana nikikaribia nitakushika na basi litakuacha. Lakini ukipanda, ukikaa dirishani, geuka. Safari hii geuka, unitazame usoni.

Na wakikuuliza huko wewe ni wa nani, simama wima, usiharakishe, usiruke hata moja. Sema:

Mimi ni Bashir, wa Roble, wa Hirsi, wa Guled, wa Samatar, wa Komora, wa Warfa, wa Shire.

Sahihi ya mzazi:
Roble Hirsi